Naomba ushauri: linki ya WhatsApp kwenye profaili yangu

Jamani, salamu kutoka Bukavu. Ninauza vikwembe pale soko la Kadutu, na siku hizi wateja wengi wananipata kupitia Facebook. Mtoto wa dada yangu ndiye aliniwekea kwenye profaili ile linki fupi ya wa.me: mtu akiibonyeza, anaingia moja kwa moja WhatsApp yangu. Biashara ilichangamka, sikatai. Lakini namba yangu ya simu imo ndani ya linki yenyewe, waziwazi, na hilo sikulifikiria.

Juzi mtu akaniandikia kwa heshima zote: "Mama, ukurasa wako utafungwa, thibitisha hapa." Linki yake ilifanana na ya Facebook, ila herufi mbili zilikuwa zimegeuzwa. Miwani mpya ndiyo iliyoniokoa! Sikubonyeza. Muda si muda ikaingia SMS yenye tarakimu 6, zile za kuthibitisha akaunti, na yuleyule akaniomba nimtumie, eti zimekosea njia. Nikamnyamazia.

Nimeshaweka namba ya siri ya hatua ya pili kwenye WhatsApp, na kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa sikuona kigeni. Kinachonisumbua ni kwamba pesa yangu ya simu iko kwenye namba hiyohiyo. Je, niondoe linki, nikose wateja wa Goma na Uvira? Au ninunue kadi nyingine ya simu iwe ya biashara tu? Na wateja waliozoea namba ile ya zamani nitawahamishaje bila kudhaniwa mimi ndiye tapeli? Wenye kuuza mtandaoni, ninyi mmefanyaje?