Naomba ushauri: sindano ya ganzi baada ya mama kuwekewa nyonga bandia

Wakuu, habari za leo, na wakubwa shikamooni. Niko Ujiji, Kigoma. Mama ana miaka 71, nyonga ya kulia imelika. Akitaka kuinuka kitandani lazima ashike ukuta. Tumepewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Upasuaji hautunyimi usingizi kama usiku wake, ganzi ya mgongo ikishaisha. Alipovunjika mkono alichomwa mofini, ile dawa kali ya maumivu, akatapika mpaka asubuhi na kuanza kuongea na marehemu baba. Iliniuma sana kumwona vile.

Tumeelezwa kuna sindano ya ganzi ya kwenye kinena, daktari wa usingizi anaichoma akiangalia neva kwa ultrasaundi, na mgonjwa hahitaji mofini nyingi. Ila ikishika neva kubwa ya paja, mguu unalegea, na mzee akisimama anaweza kuanguka. Ipo nyingine, PENG, iliyoanza kuelezwa 2018, inayolenga neva za kiungo chenyewe ili paja libaki na nguvu.

Mliouguza mzee wa hivi, mguu ulichukua muda gani kupata nguvu? Na ganzi ilipoisha alipewa dawa gani? Madaktari mliomo humu, tafadhali: kwa umri wake mngemchagulia ipi?