Tupeane uzoefu: kwenye emuleta inafunguka, kwenye simu halisi inagoma

Wakuu, habari zenu. Naomba tukusanye hapa visa vya programu ambazo kwenye emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, zinafunguka bila shida, ukizipeleka kwenye simu ya mkononi zinaonyesha nembo na kujifunga, au hazifunguki kabisa. Ukichangia, taja simu ni ya aina gani, ilisema nini, na nini kiliitibu.

Hilo la "ilisema nini" nalisisitiza. Wengi wanaoomba msaada huandika "inagoma" na kuishia hapo, kisha wanashauriwa wafute kila kitu waanze upya. Programu ikianguka, kwa kawaida Android huandika sababu yake. Unganisha simu na kompyuta, andika adb logcat -b crash (adb ni zana ya kuamrisha simu kutoka kwenye kompyuta), fungua programu yako, utafute FATAL EXCEPTION. Kisha shuka hadi "Caused by" ya mwisho. Mistari ya juu mara nyingi ni homa tu, ugonjwa wenyewe uko pale chini.

Naanza na kisa changu. Tulimtengenezea mwenye duka la pembejeo programu ya kuweka hesabu za mauzo. Kwenye laptopu zetu zote ilikwenda vizuri. Simu yake ya bei nafuu ilikubali kuisakinisha, ila kila akiifungua inajifunga. Logi, yaani maandishi hayo ya simu, ilitaja UnsatisfiedLinkError (maktaba imeshindwa kupakiwa), pamoja na jina la maktaba inayofunga hifadhidata kwa nenosiri. Emuleta kwenye laptopu ya Intel hutumia aina ya kichakataji iitwayo x86_64, ilhali simu nyingi ni za aina ya ARM. Hilo tulilijua na faili za arm64-v8a, yaani ARM ya biti 64, zilikuwemo. Kilichotushangaza ni kwamba kichipu cha simu ile ni cha biti 64, lakini Android iliyowekwa juu yake ni ya biti 32, na simu za RAM ndogo za namna hiyo zipo nyingi mitaani. Tuliandika adb shell getprop ro.product.cpu.abi, ikajibu armeabi-v7a, yaani ARM ya biti 32. Maktaba nyingine zote zilikuja na faili za armeabi-v7a, ndiyo maana usakinishaji ulipita. Ile moja haikuwa nazo. Tulichukua toleo lake lenye aina zote mbili za ARM, programu ikafunguka palepale dukani.

Karibuni.

Mdau, Mwanza: Kabla ya logi, kagueni waya. Kuna nyaya za USB za kuchajia tu, hazipitishi data, na adb devices itakuletea orodha tupu hata ukiwasha hali ya msanidi vizuri. Ikionyesha neno unauthorized, fungua skrini ya simu, kuna kidirisha kinakusubiri ukubali kompyuta hiyo. Na simu za kampuni fulani zina swichi ya pili ndani ya chaguo za msanidi, ya kuruhusu kusakinisha kwa USB. Usipoiwasha utabadilisha msimbo usiku kucha bure.

Mdau, Dodoma: Mimi ni mwanafunzi, natumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Programu ilikuwa inafunguka, inabaki nyeupe. Ndani yake anwani ya seva ilikuwa 10.0.2.2, ambayo ndani ya emuleta maana yake ni kompyuta iliyoibeba. Simu halisi haina habari na anwani hiyo. Nikiwa na waya natumia adb reverse tcp:8000 tcp:8000, inayopeleka maombi ya simu hadi kwenye kompyuta, halafu programu inaita localhost (anwani ya kifaa chenyewe) kama kawaida. Jambo jingine: tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu zinazolenga toleo hilo au la juu zaidi zinakataliwa http tupu isiyo na s, mpaka uiruhusu mwenyewe. Na wa Flutter wenzangu, ruhusa ya INTERNET huja kwenye manifesti (faili inayotaja ruhusa za programu) ya majaribio. Angalieni kama ipo kwenye ile kuu kabla ya kujenga toleo la kuchapisha.

Mdau, Bukavu: Jambo kwenu wote. Huku kwetu bei zinatajwa kwa dola na faranga, na simu nyingi ziko katika Kifaransa. Programu yetu ya bei ilikuwa inaanguka kwenye simu za wateja, lakini kwenye zetu sisi, zilizo katika Kiingereza, hapana. Logi: NumberFormatException, na pembeni yake "12,50". String.format hufuata lugha ya simu, kwa Kifaransa ikaandika mkato. Double.parseDouble inataka nukta tu. Na kwa kuwa bei ya mwisho ilisomwa mara programu inapofunguka, mteja hakuweza hata kuingia. Tuliweka Locale.ROOT, isiyofuata lugha ya simu, popote namba inapohifadhiwa, mkato ukabaki kwa kuonyesha tu. Badilisheni lugha ya simu mnapojaribu, ni jambo la dakika moja.

Mdau, Nairobi: Yangu ilikuwa toleo la kuchapisha peke yake. Lile la majaribio lilikuwa sawa kwenye simu ileile. R8, zana inayobana programu ya kuchapisha, ilipokuwa inapunguza ukubwa, iliondoa darasa (kipande cha msimbo) lililokuwa linaitwa kwa jina lake tu, ikaja ClassNotFoundException. Kanuni moja ya -keep, ya kuiambia R8 isiliondoe, ilitosha. Tafadhali hifadhini faili ya mapping.txt ya kila toleo, inayorudisha majina yaliyofupishwa kuwa ya asili, bila hiyo utasoma logi ya a.b.c na usielewe kitu.

Mdau, Zanzibar: Kwa wenye iPhone, akaunti ya bure ya Apple huipa programu unayoijaribu siku 7 tu, zikiisha haifunguki mpaka uisakinishe tena kutoka Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu. Na kuanzia iOS 16 lazima uwashe Developer Mode.

Mdau, Arusha: Msaada, wakuu. Yangu inajifunga baada ya muda mfupi na adb logcat -b crash haileti chochote. Simu ina Android 12.

Mwanzisha mada: Mkuu, inawezekana haikuanguka bali mfumo ndio uliiua, mfano kwa kukosa RAM. Kwa kuwa ni Android 11 kwenda juu, andika adb shell dumpsys activity exit-info, nafasi, kisha jina la kifurushi chako. Tuwekee hapa mstari wenye neno reason.