Kidhibiti breki cha trela kisichotumia waya: cha kuchomeka kwenye soketi au cha kufunga kwenye trela?

Ekseli2

Wakuu, naomba msaada wa kuchagua. Trela ni la kulala, ekseli mbili, breki za umeme kwenye magurudumu yote manne, dramu za inchi 10. Likijazwa maji na mizigo linafika kilo 2,700. Gari lina soketi ya pini 7 toka kiwandani ila halina kidhibiti breki ndani, na dashibodi hairuhusiwi kutobolewa kwa sababu gari ni la mkataba, litarudishwa. Kwa hiyo vya waya vimeshatoka kwenye hesabu.

Vilivyobaki naona ni vya namna mbili. Kuna vinavyochomekwa katikati ya soketi ya gari na plagi ya trela, unaviongoza kwa simu kupitia Bluetooth. Na kuna vinavyofungwa kwenye trela lenyewe, dereva anabaki na rimoti. Kipi kinafaa kwa mzigo huu? Simu ikizima katikati ya safari breki zinaendelea au ndiyo basi? Na umeme wake unatoka wapi?

NatiNaBolti

Mkuu, kilo 2,700 zisikutishe. Kidhibiti hakijui kilo, kinajua idadi ya sumaku, yaani zile za umeme zinazokamatisha breki, moja kwenye kila gurudumu. Kila sumaku ya dramu ya inchi 10 inakula kama ampea 3 kwa volti 12, kwa hiyo zako nne ni ampea 12. Curt Echo, ambacho ni cha kuchomeka, kimetengenezwa kwa breki hadi nne, yaani kwako kinatosha. Mwenye ekseli tatu asikiguse, atafute kitu kama Tekonsha Prodigy RF kinachofungwa kwenye trela.

Kabla hujaangalia bei, angalia breki ya mkono, yaani kitufe cha kukamatisha breki za trela peke yake. Trela likianza kuyumba mkia, ukikanyaga breki ya gari unapunguza mwendo wa gari huku trela likiendelea kulisukuma kwa nyuma, na kuyumba kunazidi. Kinachotakiwa ni mguu utoke taratibu kwenye mafuta, usukani ushikwe bila kufukuzana na trela, na breki za trela tu zikamate. Trela likilivuta gari kwa nyuma, mstari unanyooka.

Sasa, rimoti ya redio ina kitufe halisi, unakipapasa bila kutoa macho barabarani. Kwenye vya simu, kitufe ni picha kwenye kioo. Ili ukipate, simu iwe imefunguka, programu iwe mbele, ramani isiwe imeifunika na mtu asiwe anakupigia wakati huohuo. Yote hayo katika sekunde mbili ambazo trela linaelekea mtaroni! Kama cha Bluetooth unachokitaka kina kitufe cha pembeni kinachouzwa kama nyongeza, nunua vyote viwili pamoja. Kama hakina, binafsi nisingekishauri kwa trela la ukubwa huo, hata programu yake iwe nzuri namna gani.

Kuhusu simu kuzima: mipangilio inakaa kwenye boksi lenyewe, siyo kwenye simu. Vingi vinaendelea kukamata breki vyenyewe kwa kiwango cha nguvu ulichokiweka mwisho. Unachopoteza ni kitufe cha mkono na uwezo wa kubadilisha kiwango. Hata hivyo usiishie kwenye tangazo, soma kitabu cha maelekezo: je, ukichomoa plagi na kurudisha bila simu kuwa karibu, boksi linaamka na kiwango kilekile? Na kwenye simu, itoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazozimwa ili kubana betri, la sivyo mfumo wa simu utaifunga kimyakimya.

Jambo jingine: kama breki za trela ni za diski, zenye pampu ya mafuta inayoamriwa na umeme, hakikisha maelekezo yanataja kwa jina kwamba kidhibiti kinaendana na pampu za aina hiyo. Baadhi ya vidhibiti havioni sumaku upande wa pili vikadhani hakuna trela. Na kama trela ni la aina ya Ulaya, ambalo breki zake zinakamata kwa trela kusukuma kichwa cha kuunganishia, hulihitaji hili boksi kabisa.

WayaWaBluu

Naongezea upande wa umeme, maana lawama nyingi zinazotupiwa kidhibiti huwa ni za plagi.

Cha kuchomeka kinakula umeme wa pini ya volti 12 kwenye soketi ya gari. Pini hiyo ikiwa kavu, yaani haina umeme, boksi halifanyi kazi. Magari mengi yanatoka na soketi kamili lakini fyuzi au relei ya pini hiyo haijawekwa. Vya kufunga kwenye trela hutofautiana, vingine vinategemea pini hiyohiyo, vingine betri ya trela, kwa hiyo soma mchoro wake kabla ya kulipa.

Kwa plagi ya pini 7 ya Marekani Kaskazini, rangi za upande wa gari kwa kawaida ni nyeupe kwa ethi, bluu kwa breki, nyeusi kwa volti 12, kahawia kwa taa za nyuma, njano kwa indiketa na taa ya breki ya kushoto na kijani kwa za kulia. Upande wa trela watengenezaji wa karavani mara nyingi wana mpangilio wao, kijani inaweza kuwa taa za nyuma. Pima pini, usiamini rangi.

Vipimo viwili vya kufanya kabla ya kununua:

Kwanza soketi ya gari. Injini ikiwaka, pima kati ya pini ya volti 12 na ethi. Kisha washa taa kubwa, upime tena. Mita peke yake inadanganya, kwa sababu waya uliooza unaweza kuonyesha volti 12 na usibebe hata ampea 2. Unganisha balbu ya taa kubwa kama mzigo, uone volti zinashuka kiasi gani.

Pili plagi ya trela, ikiwa imechomolewa kwenye gari. Pima omu kati ya pini ya breki na ethi. Sumaku moja ni kama omu 3.2, na zote zimefungwa sambamba, kwa hiyo nne nzima zinasoma karibu na 0.8. Tatu ni kama 1.07, mbili ni 1.6.

Ishara ya breki nayo iangalie. Kwenye mfumo huo wa pini 7 taa za breki na indiketa zinatumia waya mmoja kila upande. Ukiwasha hazadi, pande zote mbili zinapepesa pamoja, na kidhibiti kinaweza kusoma kila mpepeso kama mguu kwenye pedali. Chenye kihisi cha kupungua mwendo kinajiokoa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa gari halijapunguza mwendo kinatoa nguvu kidogo tu. Kinachofuata muda peke yake, yaani kinachoongeza nguvu kadiri sekunde zinavyopita bila kupima mwendo, hakina kinga hiyo. Usikinunue.

Ekseli2

Asanteni sana. Nimepima. Pini ya volti 12 inasoma 0 injini ikiwaka, taa zote ziko sawa. Plagi ya trela inasoma omu 1.1. Ina maana sumaku moja imekufa?

WayaWaBluu

Usihukumu bado mkuu. Gusanisha ncha za waya za mita zenyewe kwa zenyewe, usome inaonyesha ngapi. Ikionyesha 0.3, toa kwenye 1.1, unabaki na 0.8 na sumaku zote nne ziko hai. Ikionyesha 0.0 au 0.1, basi sumaku moja haipati umeme, au waya mrefu wa trela umeliwa na kutu. Tenganisha waya nyuma ya kila gurudumu upime sumaku mojamoja. Inayosoma chini sana ya 3 imeungua ndani, isiyosoma kabisa imekatika. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye kiungio cha kubana kilichoachwa wazi chini ya ekseli, maji ya barabarani yanakila. Kikate, ubane upya kwa kiungio cha shaba chenye mpira wa kusinyaa kwa joto.

Soketi inayosoma 0: fungua kisanduku cha fyuzi, tafuta nafasi ya trela kwenye mchoro wa mfuniko. Nafasi ikiwa tupu, weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa hapo na relei yake. Gari ni la mkataba, lakini hilo halitoboi chochote.

Kaba

Ukishafunga, kazi ya kupanga kiwango usiifanye nyumbani. Tafuta barabara kavu, tambarare, isiyo na magari, trela likiwa na mzigo wa safari. Simama mara kadhaa breki zipate moto, zikiwa baridi zinakamata tofauti. Kisha nenda kilomita 40 kwa saa, mguu usiguse pedali, bonyeza kitufe cha mkono mpaka mwisho. Panda ngazi moja moja mpaka tairi za trela zitake kuserereka, halafu rudi ngazi moja. Matangi yakiwa matupu, shusha tena. Ile nyongeza ya mwanzo, inayoongeza nguvu mguu unapogusa tu pedali, ianzie chini. Ikiwa juu, kila foleni trela litakupiga kishtuko mgongoni.

Ukifika mwisho wa kiwango na bado trela linakusukuma, tatizo si boksi. Nyanyua gurudumu, zungusha kigurudumu chenye meno nyuma ya breki mpaka dramu iwe ngumu kuzunguka kwa mkono, kisha kirudishe kama meno 10 ibaki inakwaruza kidogo tu. Breki zinazojikaza zenyewe zinaruka hatua hii. Dramu ikiwa na grisi iliyovuja kutoka kwenye sili ya beringi, badilisha viatu vya breki, hata ukivisugua vipi havitakamata tena sawasawa. Viatu vipya vinahitaji kusimamishwa mara 20 hadi 30, toka kilomita 64 kwa saa hadi 32, ukiviacha vipoe katikati, ndipo upange kiwango.

Na kile cha kuchomeka kisining'inie. Kihisi kikitikisika kinasoma mashimo kama breki. Kifunge kwa mkanda, kikae imara kama maelekezo yanavyotaka.

NatiNaBolti

Moja limesahaulika: swichi yenye kamba na pini, inayokamatisha breki zote trela likichomoka. Kamba yake ifungwe kwenye mwili wa gari, kamwe siyo kwenye minyororo ya usalama wala kwenye kichwa cha kuunganishia. Unapoijaribu, chomoa kwanza plagi ya trela kwenye gari pamoja na kidhibiti. Swichi inapeleka volti 12 za betri ya trela moja kwa moja kwenye waya wa breki, na umeme huo ukirudi ndani ya kidhibiti kwa nyuma unaweza kukiunguza. Vuta pini, jaribu kulisogeza trela, magurudumu yakatae. Usiiache imechomolewa, sumaku zinapata moto na betri inaisha.

Kidhibiti cha kufungwa kwenye trela nacho kina mlango huohuo wa nyuma, kwa hiyo fuata mchoro wake ujue waya wa swichi unaingia kabla au baada ya boksi.