Nyuzi joto 1.5: mstari wa hatari au namba ya mezani?

Mtoa mada:
Wakuu, salaam. Kila mkutano wa tabianchi ukimalizika tunarudishiwa namba ileile, nyuzi joto 1.5. Ilitoka Paris mwaka 2015, mataifa yalipokubaliana kwamba wastani wa joto la dunia ubaki chini kabisa ya nyuzi 2 juu ya ule wa kabla ya viwanda, na juhudi zifanyike usizidi 1.5. Mwaka 2024 ukawa wa kwanza kuvuka hapo: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria nyuzi 1.55 kwa mwaka mzima. Mkataba unahesabu wastani wa miaka mingi, kwa hiyo kisheria mstari haujavukwa, lakini tunakoelekea kunaonekana.

Nauliza: kiasi kidogo hivyo kinastahili kelele zote hizi? Msimamo wangu ni kwamba kinastahili, na kwamba neno "kidogo" ndilo linalotupoteza. Anayepinga aje na hoja, siyo matusi.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, mimi napinga. Kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana joto linapanda nyuzi 10, siku nyingine 15, na watu wanaendelea na shughuli zao. Leo unitishe na moja na nusu kwa zaidi ya karne nzima? Zama za dinosaria dunia ilikuwa na joto kuliko hili na viumbe walijaa tele. Hewa ukaa ni chakula cha mimea, na picha za satelaiti zinaonyesha ukijani umeongezeka tangu miaka ya 1980. Na mbona hamsemi kwamba baridi inaua watu wengi kuliko joto? Hayo mnayaruka makusudi.

Mchangiaji wa tatu:
Hapo kwenye baridi ajibiwe. Nimekaa hapa.

Mtoa mada:
Nitajibu yote, ila nianze na hilo la alfajiri na mchana, maana ndilo linalowanasa wengi.

Joto la siku linapanda na kushuka kwa sababu jua limechomoza likatua. Hapo unapasha hewa na tabaka jembamba la udongo, basi. Ili wastani wa dunia nzima upande nyuzi moja tu na ubaki huko, inabidi upashe na bahari, na bahari ni kubwa mno. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilolizalisha limezama majini. Kwa hiyo hiyo "moja" unayoiona ndogo ni mabaki tu, sehemu iliyobaki hewani.

Kama unataka kipimo cha haki, usilinganishe na mchana, linganisha na zama za barafu. Miaka kama 20,000 iliyopita, wastani wa dunia ulikuwa chini ya huu kwa nyuzi 5 au 6 hivi. Kwa tofauti hiyo sehemu kubwa ya Kanada ilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita kadhaa, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120. Sasa gawanya mwenyewe, moja na nusu ni robo ya safari hiyo, kuelekea upande wa pili.

La pili ni zile siku za kupindukia. Hakuna anayeuawa na wastani. Lakini ukiusogeza wastani kidogo, siku za joto kali zilizokuwa nadra zinaongezeka kwa kasi kubwa kuliko ulivyousogeza. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilichukua joto kali ambalo zamani lilitokea mara moja katika miaka 50. Dunia ikiwa imepanda nyuzi 1, linatokea karibu mara 5 katika muda huohuo. Kwenye 1.5 ni karibu mara 9. Kwenye 2 ni karibu mara 14. Angalia tofauti ya hizo mbili za mwisho: nusu nyuzi tu. Na hilo la watu kuendelea na shughuli zao, kumbuka Ulaya mwaka 2003. Makadirio ni vifo zaidi ya 70,000 kiangazi kile, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa usiku usiopoa, mwili ukakosa nafasi ya kupumzika.

La baridi: ni kweli, kwa hesabu za sasa baridi inaua wengi zaidi, na anayelikana hilo anajidhalilisha. Ila waliopungukiwa na baridi na waliozidiwa na joto si watu walewale, wala hawaishi sehemu moja. Huwezi kumfariji wa pili kwa nafuu ya wa kwanza. Ukijani nao ni kweli, lakini ngano na mpunga vikikua kwenye hewa ukaa nyingi hupungua protini, zinki na chuma. Dinosaria nawaacha, hawakujenga miji pwani.

Halafu kuna viumbe wasio na pa kukimbilia. Kasa hufukia mayai mchangani na kuondoka. Jinsia ya kitoto haipangwi na mbegu, inapangwa na joto la mchanga: ukipoa kidogo wanatoka madume, ukipata moto wanatoka majike, na kati ya hali hizo mbili ni nyuzi chache sana. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, utafiti uliotoka mwaka 2018 ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya kasa wa kijani wachanga ni majike. Kizazi hicho kikikomaa kitatafuta madume wapi?

Mchangiaji wa nne:
Samahani, mimi siko upande wa yeyote. Tatizo langu ni hiyo namba. Wanasayansi hawakuwahi kusema kwamba 1.49 ni salama na 1.51 ni kifo. Ni mteremko, siyo ukingo wa shimo. Mmeifanya geti, na siku watakapotangaza rasmi kwamba limevukwa, watu watasema basi, tumeshindwa, tule maisha. Tena wastani wenyewe unaficha mengi. Katika miaka kumi iliyoishia 2020 dunia ilikuwa imepanda kama 1.1, lakini nchi kavu ilikuwa 1.6 na bahari 0.9. Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, imekuwa ikipanda karibu mara nne ya kasi ya dunia. Hakuna binadamu anayeishi kwenye wastani. Kwa maoni yangu namba itupwe, tuongelee watu na mahali.

Mchangiaji wa pili:
Angalau huyu anasema ukweli kwamba ni siasa.

Mtoa mada:
Siasa ipo, ndiyo. Namba hiyo ilipiganiwa na nchi za visiwa vidogo, kwa sababu kwa nchi kama Tuvalu na Maldivi nyuzi 2 ilikuwa sawa na kuambiwa wahame. Kupiganiwa hakuifanyi iwe ya uongo. Baadaye, mwaka 2018, IPCC ikapima tofauti: kwenye 1.5 matumbawe ya maji ya joto yanapungua kwa asilimia 70 hadi 90, kwenye 2 yanapotea zaidi ya asilimia 99. Tumbawe linaishi na mwani ndani yake unaolilisha. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu joto la kawaida la mwezi wenye joto kuliko yote, kwa wiki kadhaa, linautema, linapauka, na joto lisiposhuka linakufa kwa njaa.

Mchangiaji wa nne, nakubali kuhusu mteremko. Nakataa kutupa namba. Bila namba, kila serikali itasema inajitahidi, na hutakuwa na cha kuibana nacho. Tuseme hivi: kila sehemu ya kumi ya nyuzi ina gharama yake, na 1.6 ni bora kuliko 1.7.

Mchangiaji wa nne:
Sawa, lakini sasa wanaongea lugha ya kuvuka kisha kurudi, yaani tupite 1.5 halafu tuinyonye hewa ukaa hadi tushuke tena. Barafu ya Greenland ikishayeyuka hairudi kwa kushusha namba kwenye makaratasi. Hilo mkataba wako unalijibuje?

Mtoa mada:
Haulijibu. Na hapo ndipo ninapotaka wachangiaji wengine waingie, hasa wanaoamini kwamba mitambo ya kunyonya hewa ukaa itatosha. Waseme ni tani ngapi kwa mwaka, na bili analipa nani.