Mafuta kwenye maini: kutembea kunatosha, ama na vyuma pia?

wa_Kadutu: Jambo wana Bukavu. Mzee wetu ana kilo 92, ekografi (picha ya ultrasound) imeonyesha mafuta kwenye maini, daraja la 2. Pombe hanywi, sukari ya damu iko sawa. Muganga alisema tu "afanye spoti". Spoti gani? Magoti yanamuuma akiteremka.

kine_Nguba: Zote mbili, kutembea na vyuma, zinapunguza mafuta ya maini, hata kilo zisiposhuka. Kutembea: dakika 30, siku 5 kwa juma, kwa mwendo ambao anaweza kuongea lakini kuimba kunamshinda. Na milima yetu imfae upande mmoja: apande kwa miguu, ashuke kwa pikipiki. Mteremko ndio unaobana goti, mpando ndio unaoamsha moyo.

Kwa vyuma hahitaji kwenda sale ya mazoezi. Mara 2 au 3 kwa juma:
- kuketi na kusimama kwenye kiti kirefu, mara 10, mizunguko 3
- kusukuma ukuta, vilevile
- kuinama kidogo na kuvuta bidoni (dumu) ya litre 5 isiyojaa maji hadi ubavuni, mara 12 kila mkono

Akifika 12 bila kutetemeka, aongeze maji. Asibane pumzi, presha inaruka.

Msuli uliochoka unavuta sukari kutoka kwenye damu, insulini inashuka, na maini yanapunguza kutengeneza mafuta. Ila nguvu hiyo inadumu siku moja au mbili tu. Anayekimbia Jumamosi tu anaanza upya kila Jumamosi.

wa_Kadutu: Asante sana, yaya. Na mazoezi ya tumbo? Kitambi ndicho kinachomsumbua.

kine_Nguba: Yanakaza msuli wa tumbo, lakini hayachagui mafuta ya kuchoma. Dakika hizo azitumie kwenye zoezi la kiti.

mama_labo: Niongeze jambo ambalo linatuletea watu wenye hofu kila mara. TGO na TGP, zile zinazopimwa kwenye damu kuangalia maini, zinatoka pia kwenye misuli, TGO hasa. Mtu akibeba vizito leo, kesho akichukuliwa damu, zinapanda na anadhani maini yameharibika. Aache vizito juma moja kabla ya kipimo. Kinyume chake pia: TGP nzuri haimaanishi mafuta yameisha.

Kilo nazo zina uzito wao. Kwake, kupunguza 5% ni kilo 4 na nusu hivi, mafuta yanashuka vizuri. Kama maini yana uvimbe au makovu, mlengo ni 7 hadi 10%, yaani kilo 6 na nusu hadi 9. Polepole, kilo 1 kwa juma isizidi. Kufunga kula kwa ghafla kunaleta mawe ya nyongo.

Na tafadhali, baada ya kutembea anywe maji. Sukre (soda) moja ya chupa ina gramu 30 za sukari na zaidi, inarudisha nyuma kazi yote.

kine_Nguba: Kweli, mama. Tena, mwenye sirosi (maini yaliyojaa makovu) asibebe vizito kabla muganga hajaangalia mishipa ya koo la chakula. Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kisukari) apime sukari kwanza, ndipo apande mlima.