Protini za ukuta wa hamira zimeshikwa na nini?

KijanaWete: Asalaam aleikum. Nimechemsha kuta za hamira, hii hii ya mkate wa kumimina, kwenye SDS (sabuni kali) na merkaptoethanoli (dawa ya kukata vifungo vya salfa). Protini nyengine zimetoka, nyengine zimegoma kabisa. Kwa nini?

BiMaabara, Unguja: Waaleikum salaam mwanangu. Zilizotoka zilijishikiza juu juu tu. Zilizogoma zimefungwa kikemia, na hapo ndipo penye uhondo. Nyingi hubeba mkia wa GPI, wa mafuta na sukari, unaozitia nanga kwenye utando wa seli. Baadaye mkia hukatwa: mafuta hubaki kwenye utando, na kipande cha sukari kilichobaki na protini huungwa na beta-1,6-glukani, mnyororo wa sukari wa ukutani. Hiyo nayo imeshikana na beta-1,3-glukani, ambayo ndiyo boriti za nyumba yote.

KijanaWete: Ahsante bibi. Sasa nizitoeje?

BiMaabara, Unguja: Tia NaOH (alkali, ile "caustic soda") hafifu, ya baridi, usichemshe tena! Protini za Pir, kundi jengine la zilizogoma, zitaachia: kifungo chao ni cha esta, na alkali hukikata. Za GPI zinataka glukanasi, kimeng'enya cha kukata glukani.

MtuWaMkoani: Candida albicans, fangasi wa maradhi, naye hufunga hivyo hivyo protini zake za Als, anazonatia kwenye seli zetu.