Namaliza uzamivu katika fizikia ya chembe: nibaki kwa msimamizi wangu au nihame?

Mwanagenzi:
Ndugu zangu, naomba ushauri wa walionitangulia. Namalizia shahada ya uzamivu katika fizikia ya chembe, upande wa majaribio, na kazi yangu kubwa imekuwa kusahihisha vipimo vya nishati vya kigunduzi cha chembe. Msimamizi wangu amenipa nafasi ya utafiti ya miaka miwili katika kundi lake lile lile. Nia yangu ni kuwa mhadhiri na kuongoza utafiti wangu mwenyewe, lakini makala zangu zina majina ya maelfu ya watafiti, yaliyopangwa kwa alfabeti. Kamati ya ajira itajuaje nilichofanya mimi? Na nikibaki hapa, nitajijenga au nitajifunga?

Mtafiti wa Majaribio:
Hofu yako ina msingi. Mwaka 2015 ATLAS na CMS, makundi mawili makubwa ya majaribio katika CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yalichapisha pamoja makala kuhusu tungamo ya chembe ya Higgs. Waandishi walikuwa 5,154, na kati ya kurasa 33, kurasa 24 zilibeba majina yao na ya taasisi zao. Hakuna mjumbe wa kamati atakayekutafuta humo. Atasoma barua za mapendekezo, na barua yenye uzito ni ile inayosema bayana kwamba njia hii ya kusahihisha vipimo uliibuni wewe, ukaitetea mbele ya wakaguzi wa ndani ya kundi, na sasa wengine wanaitegemea katika uchambuzi wao. Barua hiyo huaminika zaidi ikiandikwa na mtu asiyekuwa msimamizi wako. Kwa hiyo omba kuiwasilisha kazi yako wewe mwenyewe kwenye mikutano, na usikatae kuratibu kikundi kidogo cha uchambuzi hata kama kazi yenyewe inachosha.

Kuhusu kubaki, mimi ningehama. Ukikaa miaka mingine miwili chini ya mtu yule yule, kila hoja nzuri utakayoitoa itahesabiwa kuwa yake.

Mwananadharia:
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu barua, ila hilo la kuhama lina masharti. Kwanza angalia unalenga mfumo gani. Ujerumani, kwa mfano, kwa muda mrefu njia ya kuufikia uprofesa ilipitia tasnifu ya pili baada ya uzamivu, hadi uprofesa wa vijana, yaani nafasi ya profesa wa ngazi ya mwanzo isiyodai tasnifu hiyo, ulipoanzishwa mwaka 2002. Marekani, profesa msaidizi huajiriwa kwanza, kisha hupimwa baada ya miaka kadhaa kabla ya kuthibitishwa katika ajira ya kudumu. Pili, ruzuku nyingi za watafiti wachanga huhesabu miaka tangu siku ulipotunukiwa uzamivu, nawe ukihamia mada mpya kabisa, mwaka wa kwanza unaweza kuisha bila makala hata moja.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana. Je, nikihama, naruhusiwa kuendelea na njia niliyoibuni huku?

Mtafiti wa Majaribio:
Hilo mwulize msimamizi wako sasa, kabla hujatia saini popote, na makubaliano yenu yawekwe kwa maandishi. Data ni mali ya kundi zima la jaribio, na anayetoka katika jaribio hupoteza haki ya kuzitumia zile ambazo hazijachapishwa. Lakini ukihamia chuo kingine kilichomo katika jaribio hilo hilo, unaendelea ulipoishia, tena chini ya msimamizi mwingine. Mimi ningeanza kutafuta huko.